Jamaa wa Mipira: Alianzisha Yote, Halafu Staa Akachukua Nafasi Yake

Kabla ya simu janja, kabla hata ya Game Boy, kulikuwa na jamaa mmoja mweusi tii kwenye kioo kidogo, anarusha mipira juu na kuidaka. Hana jina, hana hata sura ya kueleweka. Kazi yake moja tu: mpira usianguke.

Gemu lenyewe linaitwa Ball, na lilitoka Japani tarehe 28 Aprili 1980. Ndilo la kwanza kabisa kwenye familia ya Game & Watch za Nintendo. Bei yake ilikuwa yeni 5,800, linaingia mfukoni, na ukiwa huchezi linakuonyesha saa.

Wazo lilianzia kwenye treni. Gunpei Yokoi aliajiriwa Nintendo mwaka 1965 kuhudumia mashine za kiwandani, enzi hizo kampuni ikitengeneza karata. Siku moja safarini akamwona abiria, mtu wa ofisini, anaua muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Abiria huyo jina lake halijulikani mpaka leo. Yokoi akawaza: kwa nini mtu mzima asiwe na kitu cha kuchezea kimyakimya bila watu kumshangaa?

Kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe, kuna siku dereva wa bosi hakuwepo, ikabidi yeye ashike usukani. Njiani akamwaga wazo lake. Bosi akawa kama hajasikia vile, kumbe limemwingia. Kwenye kikao alichokuwa anaenda alikutana na mkubwa wa Sharp, watengenezaji wa vikokotoo, na mambo yakaanzia hapo.

Sasa ujanja uko hapa. Kampuni za vikokotoo zilikuwa zimegombania soko mpaka vioo vyake vikawa bei chee. Yokoi aliamini teknolojia ya zamani, iliyoshuka bei na kuzoeleka, ndiyo nzuri kuchezea ukiitumia kwa namna mpya. Kioo cha Ball kinafanya kazi kama namba za kikokotoo: kila mpira na kila mkono una sehemu zake maalumu. Picha inatokea hapa, inafutika, inatokea pale. Hakuna kinachotembea, ni macho yako tu yanadanganywa.

Na usidharau, gemu ni gumu! Game A mipira miwili, Game B mitatu. Vitufe viwili, kushoto na kulia. Unavyozidi kudaka ndivyo spidi inavyopanda. Ukidondosha mpira mmoja tu, kwisha habari yako.

Familia nzima ya Game & Watch iliuza zaidi ya vipande milioni 43. Ila mwaka 1991, toleo la mwisho kabisa likaitwa Mario the Juggler. Mchezo uleule wa kurusha na kudaka, lakini jamaa hayupo. Nafasi yake amekaa Mario, staa wa kampuni.

Yokoi naye aliondoka Nintendo mwaka 1996, na Oktoba 1997 akafariki kwa ajali ya gari. Mwaka huohuo Ball lilirudi kwenye Game Boy, ndani ya mkusanyiko wa magemu ya zamani. Mwaka 2001 wale watu weusi wasio na majina wakapata mwakilishi mmoja kwenye Super Smash Bros. Melee, akaitwa Mr. Game & Watch. Ball lilipotimiza miaka 30, lenyewe likatengenezwa upya kama zawadi kwa wanachama wa Club Nintendo.

Kisha Novemba 2020 likaja toleo la Super Mario Bros., na Ball limo ndani. Anayerusha mipira? Mario tena. Ukishikilia kitufe cha A, anageuka Luigi. Jamaa wa 1980 hata kwa kubonyeza humpati.

Mtu aliyefungua mlango ndiye hayumo kwenye sherehe. Je, ni biashara tu, au walipaswa kumwachia mipira yake? Dondosha maoni yako hapo chini.