Wasia wa Kosciuszko

Kila nisikiapo kwamba jamii fulani imeanzisha mfuko wa kusomesha vijana kwa jina la shujaa wake, swali langu huwa moja: yeye mwenyewe alitaka asomeshwe nani? Mara nyingi jibu halipo, maana marehemu hakuandika kitu. Tadeusz Kosciuszko aliandika.

Mfuko wenye jina lake ulianzishwa New York mwaka 1925 na Stephen Mizwa, mhamiaji kutoka Poland aliyesoma hadi Harvard, pamoja na wenzake. Mpaka leo unawasaidia kwa karo Wamarekani wenye asili ya Poland, na kuwapeleka wasomi huku na huko kati ya nchi hizo mbili. Ni kazi njema, na jina limechaguliwa vizuri: Kosciuszko ndiye mhandisi aliyejenga ngome za West Point wakati Wamarekani wakipigania uhuru wao dhidi ya Waingereza.

Lakini mwenyewe alikwisha kuacha mfuko wake. Tarehe 5 Mei 1798, akijiandaa kuondoka Philadelphia, aliandika wasia kwamba fedha zake zilizobaki Marekani zitumike kununua uhuru wa watumwa weusi, kisha wafundishwe kazi za mikono na wajibu wa raia huru. Fedha hizo zilitokana na malimbikizo ya mshahara wake wa jeshi. Kazi hiyo alimkabidhi rafiki yake Thomas Jefferson, akamruhusu hata kuanza na watumwa wa Jefferson mwenyewe!

Kosciuszko alifariki Uswisi mwaka 1817. Mwaka 1819 Jefferson, mwenye umri wa miaka 76, alikataa kuusimamia wasia ule. Wapo wanaomtetea: alikuwa mzee, na marehemu alikuwa ameandika wasia nyingine Ulaya ambazo zingezua kesi. Haya, tukubali. Ila ni mwaka huo huo wa 1819 ambapo Chuo Kikuu cha Virginia kilianzishwa, na aliyekihangaikia kuliko wote ni mzee huyo huyo. Binafsi, hoja ya uzee hainiingii.

Kesi ilizunguka mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1852 iliamua fedha ziende kwa ndugu wa marehemu huko Ulaya. Hakuna mtumwa hata mmoja aliyekombolewa kwa fedha hizo. Wale wa Jefferson, watu 130, walikuwa wametangazwa mnadani tangu Januari 1827, ili madeni aliyoyaacha yalipwe.