Kujitoa mhanga kwa Daktari wa tano
Katika "The Caves of Androzani", kisa cha Doctor Who, tamthilia ya bunilizi ya kisayansi ya BBC, kilichoandikwa na Robert Holmes na kurushwa Machi 1984, shujaa aitwaye Daktari, akiigizwa na Peter Davison, anapatwa na sumu ya spectrox pamoja na mwenzake Peri, na dawa yake, yaani maziwa ya popo malkia, inapobaki ya kumtosha mtu mmoja tu, anamnywesha msichana huyo ambaye hawajafahamiana kwa muda mrefu. Kinachomsukuma si mapenzi wala hamu ya sifa, bali hatia, kwa kuwa ndiye aliyemfikisha Peri kwenye hatari hiyo, na katika "Earthshock" (1982) alishindwa kumwokoa kijana Adric, ambaye jina lake ndilo neno la mwisho analolitamka kabla ya kugeuka, yaani kupata mwili mpya kama wafanyavyo watu wa jamii yake. Uwezo huo ungeweza kuipunguzia kafara uzito, lakini Holmes, kwa ustadi, anamwacha Daktari bila hakika kama safari hii atageuka. Daktari wa kumi, yaani shujaa huyohuyo katika mwili wake wa kumi, katika "The End of Time" (2009–2010) ya Russell T Davies, anaigharimia huruma kwa namna nyingine, na pengine ya kibinadamu zaidi: analalamika kwa hasira kwanza, ndipo anaingia kwenye chumba cha mionzi ili mzee Wilfred Mott atoke.