Samaki Mkuu na Watoto wa Gatini

Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya kuogelea katika Michezo ya Jumuiya ya Madola hakutoka Lamu, wala Mombasa, wala Malindi. Jason Dunford alizaliwa mwaka 1986 Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari.

Agosti 2008, jijini Beijing, Dunford aliogelea mchujo wa mita 100, mtindo wa kipepeo, akagusa ukuta kwa sekunde 51.14. Rekodi ya Olimpiki aliyoiweka Michael Phelps Athens mwaka 2004 ikawa ya Mkenya. Haikudumu: dakika chache tu, Mserbia Milorad Čavić akaivunja. Kwenye fainali Dunford akawa wa tano. Mwaka 2010, Delhi, akatwaa ile dhahabu katika mita 50. London 2012 akatubebea bendera. Baada ya hapo akaingia kwenye muziki, akajiita Samaki Mkuu.

Jina hilo lilinichekesha kwanza, kisha likanifikirisha. Mimi niliacha chuo nikarudi Lamu, na huku samaki tele! Watoto wanajirusha kutoka gatini wakipiga sarakasi hewani. Tamasha letu la utamaduni lina mashindano ya kuogelea, pamoja na mbio za punda na za mashua. Lakini mshindi wetu anaondoka na vigelegele. Muda wake hauandikwi popote. Dunford alikuwa na bwawa, makocha, kisha Chuo Kikuu cha Stanford. Alijituma, hilo silipingi. Ila historia humkumbuka aliyepimwa, na sisi huku hatupimwi.

Medali tunaweza kuishi bila hizo. Kinachoniuma zaidi ni dada zangu. Sisi wavulana tulifunzana wenyewe, kwa kusukumana majini. Wao waliambiwa bahari si mahali pao, na bado hupanda mashua kwenda Pate na Faza kwenye harusi na matanga, kusi ikivuma, bila kujua kuogelea hata hatua kumi.

Basi ningeanza na vitu vitatu: mwalimu wa kike, kamba ya mita 50 iliyofungwa kwenye maboya pale maji yanapotulia, na saa ya kupimia. Na wasichana waingie majini kwanza.