Ng'ambo ya Nzoia: Yale Tuyasomayo katika Ramani za Zamani



Baada ya hesabu za fedha, na habari za misiba na za karo, twaomba kurasa chache kwa mambo ya kale. Wengi wa wanachama wetu walizaliwa katika mashamba ya walowezi upande wa Kitale, na leo wakiulizwa na wajukuu wao, "Babu, kwenu hasa ni wapi?", hutaja jina la Mzungu mwenye shamba, kisha hunyamaza. Jina lile halimo tena midomoni mwa watu, na mahali penyewe pamegeuka kuwa vipande vingi vya watu wengine. Hata hivyo kuna karatasi ambayo mahali hapo pamechorwa. Karatasi hiyo ni ramani ya sura ya nchi, nayo yastahili kutazamwa na wazee kabla haijasomwa na vijana peke yao.

Ramani tunazozisema ni zile ambazo sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Zilianza kutengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndege za Jeshi la Anga la Uingereza zilipita juu na kupiga picha mfululizo, kila picha ikifunika sehemu ya mwenzake. Picha mbili zikitazamwa pamoja kwa miwani maalum, jicho huona vilima vikiinuka na mabonde yakididimia, na mchoraji huweza kuifuata mistari ya kimo. Kazi hiyo ilifanywa na Idara ya Upimaji wa Makoloni, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1946, pamoja na Idara ya Upimaji ya Kenya. Basi aliyeuchora mto wako pengine hakupata kuyanywa maji yake. Twasema haya si kwa kumdharau, kwa kuwa mto ameuchora sawasawa, bali ili msomaji ajue ni jicho la nani analotumia.

Na tuanze na jina la wilaya. Trans Nzoia maana yake ni ng'ambo ya Nzoia. Ng'ambo kwa nani? Tandaza ramani, uufuate mto kwa kidole tangu upande wa Cherangani, upite lilipo daraja ambalo zamani liliitwa Hoey's Bridge na leo laitwa Moi's Bridge, ushuke mpaka Webuye, uendelee Mumias hata Ziwa Victoria. Utaona kwamba Kitale na Bungoma ziko ukingo mmoja wa mto. Mtu wa Bungoma aendaye Kitale havuki Nzoia hata kidogo. Aliyevuka ni yule aliyetoka upande wa Eldoret na Uasin Gishu, yaani mlowezi na gari lake la ng'ombe. Kwa hiyo jina la wilaya lenyewe latuonyesha aliyelitoa alikuwa amesimama wapi. Twaliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyodhaniwa, maana Wasabaot na Wabukusu waliokuwa wakichunga na kuwinda katika nchi hiyo hawakuwa ng'ambo ya kitu chochote.

Mto uliotenga watu kwelikweli ulikuwa mdogo zaidi, nao ni Kamukuywa. Leo ukipita soko la Kamukuywa kwa gari, katika barabara ya Webuye kwenda Kitale, hutambui kwamba umevuka mpaka uliokuwa mkali. Lakini iweke mezani karatasi iliyopigwa chapa kabla ya uhuru. Upande wa magharibi, uliokuwa nchi ya akiba ya Waafrika, nukta za nyumba zimejaa kama mtama uliomwagika uani, na njia za miguu zapindapinda kutoka boma hadi boma, hadi shule, hadi kanisa. Upande wa mashariki nukta zinapungua ghafula. Mistari iliyonyooka inakata nchi pasipo kujali kilima wala bonde, na ndani yake twaona nyumba moja, josho la ng'ombe, bwawa, na katika baadhi ya karatasi namba ya Ofisi ya Ardhi. Udongo haukubadilika mtoni pale, wala mvua. Kilichobadilika ni sheria, maana baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali iliwagawia askari wa Kizungu mashamba huku, reli ikafika Kitale mwaka 1926, na amri ya mwaka 1939 ikaithibitisha mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu.

Je, huko mashariki hapakuwa na watu? Walikuwako, tena wengi, na baba zetu wakiwa miongoni mwao. Ila sheria ya vibarua wakaazi ya mwaka 1918, na ile ya mwaka 1937 iliyoifuata, haikuwahesabu kuwa wenyeji wala wapangaji. Maskwota walihesabiwa kuwa watumishi wanaokaa kwa ruhusa, wakiwa wanadaiwa siku za kazi, tena halmashauri za walowezi zikapewa uwezo wa kuwapunguzia mifugo na mashamba. Kambi ya namna hiyo ilihamishwa pale mwenye shamba alipotaka. Mpiga picha wa angani aliweza kuziona paa za nyasi siku ile aliyopita, lakini hakuna aliyeuliza mahali pale paliitwaje na wanaokaa pale. Ndiyo sababu katika ramani kilima kina jina na bwawa lina jina, na kijiji cha watu mia hakina.

Mistari ya kimo nayo yatufunza habari za zamani zaidi. Wazee wajua kwamba mwaka 1895, nchi hii ilipokuwa bado ikihesabiwa upande wa Uganda (hata mwaka 1902), Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza huko Lumboka, kisha Chetambe. Maboma yao yalizungukwa na ukuta wa udongo na handaki. Kijana husikia hadithi hii akauliza kwa nini watu walikimbilia Chetambe. Mwonyeshe ramani. Juu ya mji wa Webuye mistari inabanana hata karibu igusane, maana yake ardhi inasimama kama ukuta, na aliye juu humwona adui akiwa mbali kabisa bondeni. Bunduki ziliwashinda, lakini mahali walipachagua kwa akili.

Webuye penyewe, katika karatasi za zamani, utapatafuta usipapate, kwa sababu pameandikwa Broderick Falls. Hutakiona pia kiwanda cha karatasi kilichokuja baadaye. Na ukilinganisha karatasi za kabla ya uhuru na zilizofuata, utaona katika Tongaren, Ndalu na Naitiri jinsi mashamba makubwa yalivyokatwa kwa mpango wa makazi ulioanza mwaka 1962, na nukta za nyumba zikarudi upande wa mashariki wa Kamukuywa.

Twapenda kuonya jambo moja, kwa kuwa tunafahamiana. Ramani ya namna hii si hati ya ardhi. Asije mwanachama akaipeleka kwa jirani yake, awe Msabaot au Mbukusu, na kusema, "Tazama, hapa palikuwa petu." Haikuchorwa kwa kazi hiyo, na nchi hii imekwisha kuona damu ya kutosha kwa ajili ya mipaka.

Kazi tunayowaomba wazee ni nyingine. Nakala za karatasi hizi huuzwa na Idara ya Upimaji huko Ruaraka, Nairobi. Mwanachama akipata karatasi ya kwao, na aketi na mzee aliyekulia shambani, waanze na mto, kisha josho, kisha nyumba ya Mzungu, maana hizo zimechorwa na mzee atazitambua upesi. Kutoka hapo ataweza kuonyesha kambi ilipokuwa, kisima, mti wa mikutano na makaburi. Kila mahali paandikwe kwa penseli, si kwa wino, pamoja na jina kama lilivyotamkwa kwa lugha ya mzee, jina la aliyelisema, na mwaka aliolisema. Wazee wawili wakitofautiana, yaandikwe majina yote mawili.