Mti wa Uani na Mvua ya Kibwezi

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mtu wa Kibwezi aisikiapo methali hii hutabasamu kidogo, kwa maana ameona mawingu mengi yaliyotanda na kunguruma, kisha yakapita bila ya kudondosha hata tone. Mvua za huko hutazamiwa mara mbili kwa mwaka: za masika, Machi hata Mei, na za vuli, Oktoba hata Desemba. Za vuli ndizo zitumainiwazo zaidi, kwa kuwa za masika huwahadaa watu mara nyingi. Nataka, msomaji, ufikiri pamoja nami juu ya kitu kinachoonekana kuwa kidogo mbele ya mawingu hayo, nacho ni mti wa matunda uliopandwa uani.

Kwa muda mrefu Kibwezi palikuwa mahali pa kupita. Mvua inyeshayo juu ya Vilima vya Chyulu huzama katika mawe ya volkeno, ikatokea tena chini kwa chemchemi, na msafiri aliyetoka katika nyika kavu alifurahi kuyaona maji hayo. Katika karne ya 19 misafara ilipita katika nchi hii ikichukua pembe za ndovu kwenda pwani. Mwaka 1891 Dakta James Stewart alifika pamoja na wenzake, wakaanzisha misheni ya Kiskoti. Mvua iliyowapa maji iliwapa pia madimbwi, na madimbwi yakazaa mbu. Homa ya malaria ikawaua baadhi yao. Wakati ule sababu ya homa ilikuwa haijathibitishwa. Mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, alipokiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Mwaka uliofuata, 1898, misheni ilihamia Kikuyu. Reli nayo, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipita Kibwezi ikaendelea mbele, ikafika Nairobi mwaka 1899.

Basi waliopita walikuwa wengi. Je, ni nani waliobaki?

Wa kwanza kubaki ni mbuyu na mkwaju. Hawa ndio wenyeji, wala hawakungoja mtu awapande. Mbuyu huweka maji katika shina lake, nao waweza kuishi zaidi ya miaka elfu moja. Unga wa tunda lake na ukwaju mchachu humfaa mtu hata wakati mashamba yamekauka. Wakamba hawakusahau thamani ya chakula cha namna hiyo, kwa kuwa mwishoni mwa karne ya 19 waliangukiwa na njaa kuu waliyoiita Ngomanisye, iliyoua watu wengi. Taifa huwapa majina wafalme wake. Wakamba waliyapa majina hata majira yao ya njaa, ili watoto wajue kuwa wingu laweza kupita.

Wengine waliomo uani ni wageni. Asili ya mwembe ni Bara Hindi na nchi za jirani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa wali pamoja na embe, ndimu na tangawizi. Kwa hiyo embe imejulikana katika pwani yetu kwa karne nyingi. Mchungwa nao ni mtoto wa Asia. Mpapai na mpera asili yao ni Amerika, nao walivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wewe ukichuma pera kwa mkono mmoja na embe kwa mkono wa pili, umeshika pande mbili za dunia, hali hujatoka nyumbani kwenu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, watu wengi walishuka kutoka vilima vya Ukambani vilivyosongamana, wakatafuta ardhi katika nchi za chini kama Kibwezi. Walilima mahindi, kunde, ndengu na mbaazi. Lakini mahindi hata mpita njia aweza kuyapanda, akavuna, akaenda zake. Mwembe wa kokwa haufanyi haraka. Hukawia miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mtu aupandapo husema pasipo maneno: mimi nimefika, sipiti tena.

Tazama sasa siku ya mvua ya vuli. Mabati yavuma hata watu wasisikizane. Mama atega madebe na mapipa chini ya mchirizi, maana maji ya leo ni haba ya kesho. Chungu cha isyo chatokota jikoni, na watoto wakingojea mvua ipungue wakaokote maembe yaliyoangushwa na upepo. Wakati huo mahindi yangali mabichi shambani, na ghala imekaribia kuwa tupu. Mwembe uliotoa maua wakati wa kiangazi waanza kuivisha matunda yake Desemba, ukaendelea hata Machi. Hivyo mti huja kuwalisha watu wakati shamba bado halijawa tayari.

Neema hiyo nayo ina taabu yake. Maembe huiva kwa pamoja, na yasipopata mnunuzi huoza chini ya mti. Kwa sababu hiyo kaunti ya Makueni ilifungua kiwanda cha matunda huko Kalamba mwaka 2017, ili maembe yasindikwe. Huo ni mwendo mrefu kwa mti ulioanza na kokwa moja iliyofukiwa uani.

Msomaji, historia haikuandikwa vitabuni tu. Mvua inyeshapo, nawe umekaa barazani, mwulize bibi au babu: mti ule ulipandwa na nani, mwaka gani, na kabla yake palikuwa na nini? Uliza upesi, kwa kuwa shina laweza kudumu na mwenye habari zake akatutoka. Kisha, udongo ungali na unyevu, chukua mche upande wa kwako. Mawingu yatapita, na magari moshi yatapita. Mti huo utabaki kumweleza mjukuu wako kuwa wewe hukuwa mpita njia.