Kumtunza mwenzi aliyepasuliwa tumbo: kutoka hospitalini hadi nyumbani



Katika makanisa yetu ya Masisi na Walikale ni jamaa chache ambazo hazijapata mtu wa kupasuliwa tumbo: mama aliyeshindwa kuzaa kwa njia ya kawaida, baba mwenye ngiri iliyokaza, kijana wa apendisiti, mtu aliyetobolewa utumbo na homa ya matumbo, au aliyepigwa risasi. Wengine hupasuliwa katika hospitali kuu ya Masisi, ya Mweso au ya Walikale. Wengine huletwa kwa kipoyi, kwa pikipiki, kisha kwa gari hadi Goma, kwenye HEAL Africa au hospitali ya CBCA Ndosho. Kazi ya daktari huisha kwa saa chache. Kazi ya mwenzi wa ndoa huchukua majuma mengi.

Hospitalini kwetu kila mgonjwa ana mlinzi wake, wa kupika, kufua, kutafuta dawa na kukesha. Mume akilazwa, mke hulala chini kando ya kitanda. Lakini mke akilazwa, mara nyingi tunaona mama mkwe, au binti aliyeachishwa masomo, naye mume amerudi shambani. Ndugu wanaume, tulitazame jambo hili.

Siku za kwanza

Usimpe mgonjwa chakula wala kinywaji kabla muuguzi hajaruhusu, hata akilia njaa. Baada ya upasuaji utumbo hulala, na uji unaofichwa chini ya kitenge kwa upendo huweza kumtapisha. Mgonjwa akitoa hewa tumboni, mwambie muuguzi bila haya. Ni habari njema. Huanza kwa maji, supu au uji mwepesi, kisha fufu kidogo kidogo.

Akitaka kuamka, asijivute kwa tumbo. Ageuke kwanza ubavu, ashushe miguu, asukume kwa mkono, nawe umshike. Wauguzi wakiruhusu, atembee kidogo kila siku: kutembea huamsha utumbo na huzuia damu kuganda miguuni. Avute pumzi ndefu mara nyingi. Akikohoa, akandamize kitenge kilichokunjwa juu ya kidonda. Wewe nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa.

Mwite muuguzi upesi ukiona homa, usaha, kidonda kinachovimba au kufunguka, tumbo linalojaa na kuwa gumu, kutapika kusikoisha, mguu mmoja uliovimba na kuuma, au shida ya kupumua. Akiwa ameisharudi nyumbani, dalili hizo ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo.

Nyumbani

Hapa ndipo wengi huumia. Ngozi hufunga katika majuma mawili hivi, lakini nyama ya ndani hukawia. Kwa muda wa majuma sita hivi, au zaidi daktari akisema, asibebe bidoni ya lita 20, wala kuni kwa kamba ya kichwani, wala kushika jembe, wala kutwanga. Akibeba mapema, nyama ya ndani huweza kuachana, na ngiri ikatokea mahali palepale. Basi maji atachota nani? Mume. Watu wakicheka, wacheke. Sisi wachungaji tuwe wa kwanza kuonekana kisimani.

Msikande tumbo kwa maji ya moto, msipake majani juu ya kidonda, wala msimtie dawa za kienyeji kwa njia ya haja kubwa. Kuhusu kukutana kimwili, mume angoje mpaka daktari aruhusu na mke mwenyewe awe tayari. Aliyezaa kwa kupasuliwa aulize pia angoje muda gani kabla ya mimba nyingine.

Tunzeni karatasi ya hospitali. Vita vikiwalazimisha kukimbia, karatasi hiyo na dawa zitangulie kufungwa, na mzigo wa mgonjwa ubebwe na mwingine.

Kanisa nalo

Tukiri kosa letu: mara nyingine tumemzunguka mgonjwa kwa nyimbo na mahubiri hata akachoka, na tumemshauri afunge ilhali mwili wake ulihitaji chakula. Maombi kando ya kitanda yawe mafupi, na tusikae juu ya kitanda. Mfungo tuufunge sisi.

Katika Marko 2, watu wanne walimbeba mgonjwa mmoja. Kikundi cha maombi kigawane vivyo hivyo: mmoja apeleke chakula, mwingine achunge watoto, mwingine alime shamba la mlinzi, na mashemasi wakusanye mchango wa dawa na safari kabla deni halijamfunga mgonjwa hospitalini.

Siku ya arusi tuliahidiana mbele ya Mungu kushikamana katika afya na katika ugonjwa. Ahadi hiyo hutimizwa kwa sabuni, uji na bidoni ya maji. Bwana awatie nguvu wote wanaokesha leo kando ya kitanda. Amina.