Kutoka kasiksi mpaka kanyanga: dalili tulizoziona tukanyamaza

Wasomi wenzangu, leo siandiki juu ya mbegu. Ninaandika juu ya pombe kwetu, Masisi na Walikale.

Kwa nyanya yangu pombe ilikuwa kasiksi. Ndizi zinaiva, zinakamuliwa, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa. Kisha siku chache majirani wanaitwa. Kasiksi haikai, inaharibika. Kwa hiyo ilinywewa pamoja, mbele ya watu. Walevi walikuwepo, lakini walionekana.

Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Masisi, mara ya kwanza katika Kongo yetu. Ndizi za pombe njo ziliumia sana. Shamba la nyanya likaisha. Mwaka 2002 kasiteri ikavumbuliwa Bisie, Walikale, na vijana wakafuata pesa porini. Baba mudogo wangu alienda. Alirudi na kanyanga. Hiyo haiharibiki: inakaa ku chupa, mfukoni, siku nzima, bila jirani kujua.

Kwanza kipimo kiliongezeka. Kile kilichomlevya zamani hakikumtosha tena. Akaanza kuficha chupa. Kila jioni: "Kesho ninaacha." Akaacha kupalilia. Mwisho mikono ilitetemeka asubui mpaka anywe. Sisi tulisema: "Ni mwanaume, mumuache."

Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wanahesabu dalili 11. Mbili ndani ya mwaka mmoja tayari ni ugonjwa. Sita na kuendelea, ni mkali. Baba mudogo alikuwa na mbili zamani sana, mbele ya kutetemeka.

Siku moja tulimnyanganya chupa zote, kwa mapendo. Siku ya pili akaanguka, mwili ukikakamaa, povu mdomoni. Ni kituo cha afya kilimwokoa. Njo pale nilijifunza: aliyezoea pombe kali asiachishwe gafula nyumbani. Anaweza kufa. Apelekwe kwa muganga wa hospitali kwanza.

Kwa migomba, tunafundisha wakulima kuangalia ua la chini linaponyauka, wasingoje majani yote yaanguke. Kwa mtu wetu tuliona kila kitu, tukangoja. Kama kuna ndugu yako anayeficha chupa leo, umuulize leo, ninyi wawili tu, bila kumupatisha haya.